Nilificha Ukweli wa Mpunga Wangu, Mwenzangu Akalipa

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Nina mume, watoto wanne, na jina ambalo siku hizi watu wakilitaja sokoni Ahero hushusha sauti.

Hapa kwetu Kano, karibu na Kisumu, huniita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa kabla ya kuolewa huku kwenye mpunga. Nimelima mpunga kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimezika wakwe wote wawili, nimeona mto Nyando ukiingia ndani ya nyumba yangu na kutoka na vyombo... lakini hakuna kilichonivunja kama haya ninayowasimulia leo.

Wasomaji wenzangu, nimesoma visa vingi vya aina hii, na mara nyingi anayesimulia ndiye aliyesalitiwa. Mimi ndimi niliyesaliti. Nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanilaani.

Niliyemsaliti anaitwa Consolata. Alikuwa mke wa marehemu shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Nyumba zetu zinatazamana, mlango kwa mlango, katika boma moja. Alipoletwa hapa akiwa bibi harusi mdogo, mimi ndiye niliyemfundisha kupandikiza miche bila kuumiza mgongo. Mume wake alipofariki akamwachia watoto watatu, tulilala chumba kimoja mwezi mzima kwa sababu hakuweza kulala peke yake.

Naye alinitendea nini? Mwaka ule wa mafuriko makubwa nilikuwa na homa, sijiwezi. Maji yalikuwa yamemfika Consolata kifuani. Alimbeba kitinda mimba wangu mabegani mpaka shule ya msingi tulikohifadhiwa, kisha akarudi kunichukua mimi. Watoto wake mwenyewe alikuwa amewatanguliza na jirani.

Huyo ndiye mtu niliyemtenda.

Mambo yalianza vizuri kabisa. Chifu aliitisha baraza, akatuletea wageni wa mradi mmoja uliokuwa ukifadhili wakulima kufanya majaribio kwenye mashamba yao wenyewe. Walitaka mkulima alete wazo lake, njia mpya ya kulima isiyochosha udongo wala kuchafua ziwa, halafu wao wangegharamia jaribio hilo.

Aliyetueleza alikuwa afisa wao, Madam Chebet, mwanamke mwembamba aliyekuwa akivaa gumbuti muda wote hata kanisani. Alisema Kiswahili cha polepole, kila neno likaeleweka.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Hizi pesa si za kushindana nani amevuna zaidi. Ni za kujaribu. Jaribio likifaulu, tumejifunza. Likikataa, tumejifunza pia. Mkulima akipata hasara kwenye ile sehemu ya jaribio, sisi tutamfidia gunia kwa gunia. Kitu kimoja tu nataka kwenu... ukweli."

Nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Wazo langu lilitoka nyumbani kwetu Seme, kando ya ziwa. Nilipokuwa nikienda kumsalimia mama, niliona magugu maji yaliyotolewa ziwani na kurundikwa ufuoni yakioza, na sukuma wiki ya jirani aliyepanda karibu na rundo lile ilikuwa na majani mapana kama sinia. Nikajiambia, kama gugu hili linalowasumbua wavuvi linaweza kuwa mboji, kwa nini sisi wa mpunga tuhangaike kununua mbolea ya dukani kila msimu?

Niliandika wazo hilo kwenye fomu nikisaidiwa na Adhiambo, binti mkubwa wa Consolata, aliyekuwa kidato cha pili na mwandiko wake mzuri. Wengi waliandika. Watatu tukachaguliwa. Mimi nikawa mmoja!

Ni lazima niwaeleze furaha ile ilikuwa ya namna gani. Shamba langu liko mwisho wa mfereji. Maji yananifikia baada ya kila mtu kutosheka, na msimu mwingine hayanifikii kabisa. Katika mikutano ya wakulima mimi ni wa kukaa nyuma na kuitikia maombi. Mume wangu Ogola ni fundi wa pikipiki, hajali mpunga. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, "Nyar Seme, wewe unafikiri nini?"

Sasa lori lilikuja na magugu maji kwa jina langu. Kibao kilisimikwa kwenye jaruba langu la mpunga, kimeandikwa jina langu lote kwa rangi ya kijani. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kukisoma. Ogola mwenyewe alianza kunipisha nipite mlangoni!

Tulikatakata magugu, tukayapanga kwa tabaka na samadi ya ng'ombe na majivu, tukafunika na nailoni. Consolata alikuwa nami kila siku, mikono yake imekuwa myeusi mpaka viwikoni, bila kulipwa hata kikombe cha chai. Tulikuwa tukigeuza lile rundo kwa uma, mvuke ukitupanda usoni, tukicheka kwamba tunanuka kama samaki wa juzi.

Madam Chebet alisema tungoje mpaka mboji iwe nyeusi, ipoe, na inuke kama udongo baada ya mvua. Lakini zamu ya maji ya upande wetu ilikaribia, miche ilikuwa tayari kitaluni, na mimi nilikuwa na haraka. Ndani ya rundo bado kulikuwa na joto. Nilijua. Nikasema, "Itamalizikia shambani."

Jaruba liligawanywa mara mbili. Nusu ya kushoto niliweka mbolea ya dukani kama kawaida. Nusu ya kulia niliweka mboji ya magugu maji peke yake. Nilipewa na daftari la kuandika ninachokiona kila wiki.

Wiki ya kwanza niliandika, "Vizuri." Wiki ya pili, "Vizuri." Wiki ya nne nilisimama kwenye tuta asubuhi, nikatazama...

Upande wa kushoto ulikuwa kijani. Upande wa kulia ulikuwa manjano! Manjano ya mgonjwa wa ini. Miche ilikuwa imedumaa, imesimama kama watoto waliofukuzwa shule.

Nilipaswa kufanya nini? Ni swali jepesi mno. Nilipaswa kuandika kwenye daftari, "Umekuwa manjano." Maneno mawili tu! Nilipaswa kumpigia simu Madam Chebet. Hasara ingefidiwa, hakuna mtoto wangu ambaye angelala njaa.

Lakini siku ya wageni ilikuwa imepangwa. Wangekuja watu kutoka Kisumu mjini na kutoka Nairobi, wakulima wa Awasi na Sondu wangeletwa kwa basi, na mimi ndiye ningeshika kipaza sauti. Nilishanunua kitambaa cha gauni. Nikawaza jinsi watakavyosimama kando ya kibao chenye jina langu wakitazama mpunga wa manjano. Nikawasikia wanawake wa mfereji wa juu wakicheka kabla hata hawajacheka. Aibu ikanishinda akili.

Nilipanda gari mpaka Awasi, maana Ahero kila mwenye duka ananijua. Nikanunua mbolea nyeupe ya kukuzia, nikaitia ndani ya gunia chini ya maharagwe. Jumapili iliyofuata, boma zima lilipokwenda kanisani, nilisema tumbo linaniuma. Consolata aliniacha na uji wa wimbi kwenye chupa, akaniambia nipumzike.

Walipokuwa wakiimba kule, sauti zao zikinifikia kupitia mashambani, mimi nilikuwa ndani ya tope upande wa kulia, nikirusha mbolea ya dukani kwa mkono juu ya mpunga ulioandikwa kwamba haujaguswa na mbolea ya dukani.

Kisha nikanawa, nikarudi kitandani, nikanywa uji wa Consolata.

Haikuchukua siku nyingi. Mpunga ukabadilika, ukawa kijani kibichi kuliko hata ule wa kushoto! Madam Chebet alipokuja alisimama upande wa kulia. Aliinama, akashika jani, akaliachia.

"Mama, kuna kitu kingine uliweka hapa?" aliuliza.

"Hakuna, Madam. Ni magugu maji tu."

"Hata ukiniambia ulikuwa umekataa, mimi sitakasirika. Unajua hivyo?"

"Najua, Madam."

Alinitazama tena. Kisha akaandika. Mungu wangu... mara ngapi nimeurudia mlango ule alionifungulia, nikakataa kupita!

Siku ya wageni ilifana. Nililia nilipokuwa nikizungumza, na watu wakadhani ni machozi ya shukrani. Madam Chebet aliwaonya wakulima kwamba huo ulikuwa msimu mmoja tu, wasubiri jaribio lirudiwe ndipo waige. Lakini mimi nilishika kipaza sauti baada yake, nikasema kwa sauti iliyotetemeka kwa sifa, "Msiogope! Mimi wa mwisho wa mfereji nimeweza, nyinyi mtashindwaje?"

Walipiga makofi. Na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Consolata.

Msimu uliofuata hakusubiri. Angesubirije, na mimi dada yake nimesema asiogope? Aliacha kabisa kununua mbolea ya dukani. Alikodi majaruba mawili zaidi juu ya lake moja, kwa hesabu kwamba mavuno yatamfikisha Adhiambo kidato cha nne bila kumwomba mtu. Wakulima wengine wawili walimfuata, Mama Risper na Mzee Nyakwaka, lakini wao walijaribu kwenye kona tu. Consolata aliweka kila kitu.

Mnauliza, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwepo. Nilimwona akipanga mboji. Mara kadhaa nilifungua mdomo. Kila mara nilijiambia, labda yake itaiva vizuri, labda udongo wake ni tofauti, labda Mungu atanisitiri. Nami msimu huo sikujaribu chochote. Nilimwambia Madam Chebet kwamba mgongo unaniuma, nitarudia jaribio mwakani.

Kisha mpunga wa Consolata ukawa manjano. Majaruba matatu, yote!

Alikuja mlangoni kwangu alasiri moja, nikiwa napepeta. Alikuwa ameshika mche alioung'oa, tope likidondoka kwenye mguu wake.

"Nyar Seme, hebu angalia hii. Wako ulikuwa hivi?"

Nikautazama ule mche. Nilijua ugonjwa wake na nilijua dawa yake. Mfuko mmoja wa mbolea nyeupe siku ile, na mavuno yake yangeokolewa. Lakini ningemwambia aweke mbolea, angeniuliza nimejuaje...

"Ulikuwa hivyo kidogo," nilisema. "Uliweka mboji kidogo, ndiyo maana. Ongeza."

"Niongeze? Na magugu yameisha."

"Ongeza tu. Itakuwa sawa."

"Yawa, jamani, asante dada," alisema. "Nilikuwa nimeanza kuogopa bure."

Akaondoka na mche wake mkononi. Hivyo tu.

Safari hii hakukuwa na lori la mradi. Consolata alikodi mkokoteni wa punda, akashuka mpaka ufuoni, kule Nyando inapomwaga maji yake ziwani. Siku ya kwanza alirudi na mzigo. Siku ya pili akarudi na mzigo. Mimi nilimwona akipita na mkokoteni, nguo zake zimelowa mpaka kiunoni, akanipungia mkono. Nami nikampungia!

Siku ya tatu, jua likiwa bado la asubuhi, simu yangu iliita. Namba nisiyoijua. Mwanamume alikuwa akipiga kelele kwa Dholuo, nyuma yake watu wakilia. Alisema ameikuta namba hii kwenye simu ya mama aliyeumwa na kiboko.

Walinisimulia baadaye. Magugu ya karibu yalikuwa yameshatolewa, kwa hiyo Consolata aliingia ndani zaidi, maji ya mapajani, akiyavuta kwa reki. Chini ya zulia lile la kijani kulikuwa na kiboko na ndama wake. Hakuna aliyemwona. Yalisikika maji yakipasuka, kisha sauti yake mara moja tu. Wavuvi waliokuwa wakiweka nyavu karibu walikuja wakipiga maji kwa makasia na kupiga mayowe mpaka mnyama akamwachia.

Nilimkuta katika hospitali kubwa mjini Kisumu. Mguu wake wa kulia... siwezi kuuelezea. Daktari alisema hauwezi kuokolewa, na wakichelewa watampoteza yeye pia. Walihitaji mtu wa familia atie sahihi. Mume hana. Kaka zake walikuwa Alego, mbali. Ogola alikuwa Sondu kutengeneza pikipiki na simu yake haikupatikana.

"Wewe ni nani wake?" muuguzi aliniuliza.

"Dada yake," nikajibu.

Basi mimi, niliyemtuma kule majini kwa mdomo wangu, ndiye niliyeshika kalamu na kutia sahihi akatwe mguu. Wasomaji wenzangu, kuna adhabu gani kubwa kuliko hiyo? Nami bado sikusema kitu!

Nilimuuguza. Sitaki sifa kwa hilo, ninawaambia tu jinsi mtu anavyoweza kuwa mwongo huku mikono yake ikitenda mema. Nilimwosha, nikamlisha, nikambeba kwenda msalani. Usaha ulipoanza kwenye kidonda nilikuwa wa kwanza kuunusa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakimwambia amebarikiwa kuwa na shemeji kama mimi.

"Huyu si shemeji," Consolata aliwajibu. "Huyu ni mama yangu wa pili."

Nilishika beseni la maji machafu, nikatoka nje.

Na unajua alichokuwa akikiulizia kila asubuhi, hata kabla ya dawa? Mpunga wake. "Adhiambo ameongeza yale magugu niliyoleta? Umebadilika rangi?" Nami nilimjibu kwamba unaendelea vizuri.

Ulivunwa akiwa bado hospitalini. Masuke yalisimama wima, mepesi, hayakuinama kwa uzito. Tulipopepeta, mapepe, yaani punje tupu, yalipaa na upepo, na kilichobaki kwenye ungo hakikufunika hata kitako chake. Majaruba matatu! Adhiambo alisimama akitazama, hakulia. Muhula ulipofunguliwa hakurudi shule. Alivaa gumbuti za mama yake, akaenda kupalilia mashamba ya watu kwa kibarua.

Mama Risper na Mzee Nyakwaka nao walipata mapepe kwenye kona zao. Manung'uniko yakaanza. Mbona wa Nyar Seme ulifaulu? Walipokuja kuniuliza nilisema labda hawakufuata maagizo. Ndipo Madam Chebet akaitisha mkutano wa wakulima wote, kwenye ghala la mpunga.

Consolata alikuwa ametoka hospitalini wiki moja tu. Alikuja kwa magongo, Adhiambo akimshika kiuno. Watu walisogea kumpisha. Alipewa kiti mbele.

Watu walizungumza kwa hasira. Mmoja alisema mradi umewadanganya. Mzee Nyakwaka alisema afisa huyu msichana alikuja kuwajaribia sumu, arudi kwao. Madam Chebet alisikiliza, uso wake umepauka. Kisha Consolata akainua mkono.

"Wazee na akina mama," alisema kwa sauti dhaifu, "msimlaumu Madam. Na msimlaumu Nyar Seme, yeye alinifundisha vizuri. Makosa ni yangu. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kumfuata, na hawa wengine waliangalia kwangu. Niliweka mboji kidogo. Aliponiambia niongeze, sikuwahi... nikaumia kabla sijamaliza. Naomba mnisamehe kwa hasara yenu."

Mnasikia? Alikuwa akiomba msamaha! Mwanamke aliyepoteza mguu, mavuno na masomo ya mtoto wake, alikuwa akiwaomba watu msamaha kwa dhambi yangu mimi!

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua tu kwamba nilikuwa nimesimama na watu wote wamenigeukia.

"Mpunga wangu pia ulikuwa manjano," nilisema. "Niliweka mbolea ya dukani. Nilinunua Awasi, nikaweka Jumapili mkiwa kanisani. Magugu maji hayakufanya kitu."

Nilidhani watapiga kelele. Walimgeukia Consolata.

Consolata aligeuza shingo polepole.

"Siku ile nilipokuja kwako na mche mkononi," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikiwa nimesimama pale mlangoni pako?"

"Ndiyo."

Nilianguka magotini, nikajaribu kumshika mkono. Aliutoa taratibu, kama mtu anayetoa mkono wake kwenye maji machafu.

"Basi," alisema. Akamgeukia binti yake. "Nyathina, mwanangu, niletee magongo."

Wakatoka. Milio ya magongo yake kwenye sakafu ya ghala niliihesabu mpaka ikaisha.

Madam Chebet alibaki hata watu wote walipokwisha kuondoka. Nilingoja anitukane. Alikaa kwenye gunia, akavua kofia.

"Mboji yako ilikuwa haijaiva, mama," alisema. "Ikiwa mbichi, inakula chakula cha mpunga badala ya kuupa. Ungeniambia wiki ile ya nne kwamba umekuwa manjano, ningekuja siku hiyo hiyo. Msimu uliofuata tungengoja mboji iive kabla ya kupanda, basi. Wazo lako lilikuwa zuri."

Wazo lako lilikuwa zuri! Afadhali angenipiga kofi.

Tangu siku ile hakuna mtu wa mfereji wetu anayetaka kusikia neno mboji. Mradi uliondoa kibao changu na kuwapelekea wakulima wa kwingine fedha ambazo zingekuja kwetu. Kikundi cha wakulima kilinifukuza. Ogola hakunipiga wala kuniacha, lakini alihamishia godoro lake chumba cha nje, na chakula changu anakila akitazama ukuta. Ni mke wa marehemu mdogo wake niliyemtenda hivi. Atanisamehe kwa lipi?

Consolata yuko pale pale, mlango kwa mlango na mimi. Hakuhama. Aliwaambia kaka zake waliokuja kumchukua kwamba hapa ndipo alipomzika mume wake. Lakini alifungua mlango mwingine upande wa nyuma ya nyumba, na ule unaonitazama ukapigwa misumari.

Nilimpelekea gunia la mpunga wangu, likarudi. Nilijaribu kumlimia jaruba lake alfajiri kabla hajaamka, akamtuma Adhiambo aniambie nitoke. Hata uji nilioupeleka alipougua malaria niliukuta asubuhi umewekwa kwenye ngazi yangu, haujaguswa, umefunikwa vizuri na sahani.

Mwishowe niliuza ng'ombe wangu wawili, nikapeleka karo moja kwa moja shuleni kwa jina la Adhiambo. Nilidhani atakataa hata hiyo. Siku tatu hakukuwa na jibu. Siku ya nne Consolata alizunguka nyumba kwa magongo yake, akasimama uani kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu ghalani.

"Mtoto atarudi shule," alisema. "Hiyo naipokea kwa sababu yake. Mimi na wewe, bado."

Akazunguka tena akarudi. Nimeling'ang'ania neno lile "bado" usiku na mchana. Sijui kama lina mlango au ni ukuta tu. Sijathubutu kumuuliza.

Siku hizi Madam Chebet hunichukua mara mojamoja, anipeleke Awasi au Sondu, mbele ya wakulima wapya waliopewa fedha za majaribio. Mara ya kwanza nilikataa. Akaniambia, "Mimi nikiwaambia waandike ukweli, wanaitikia tu kama ulivyoitikia wewe." Nikaenda. Husimama mbele yao na kuwasimulia haya yote, pamoja na lile gunia la maharagwe. Wengine huinamisha vichwa. Wengine hunitazama kwa chuki, nami nawaelewa.

Ndugu msomaji, pengine wewe huna shamba. Pengine una biashara, una ndoa, una kazi ambayo wamekukabidhi na watu wanakuamini. Kuna siku utatazama ulichokipanda ukione kimekuwa manjano, na wageni wako njiani. Nakusihi kwa jina la Mungu, usifanye nilivyofanya! Mwenzako akija mlangoni akuulize, mwambie. Mwambie hata kama gauni limeshashonwa, hata kama jina lako liko kwenye kibao.

Aibu ya mkulima hupita na msimu. Mguu wa Consolata hauoti tena.